Detoksi, soba hausi, kliniki ya dawa au kikundi: mtu wako aanzie wapi?

Watu wenye ndugu anayebwia au anayekunywa kupita kiasi wananiuliza swali hilohilo kila siku, tumpeleke wapi, na wanaliuliza kama vile jibu liko moja na kila mtu analijua isipokuwa wao. Mi nimekaa kwenye mabenchi ya sehemu zote nne, mbili kwa ajili ya mdogo wangu wa unga (heroini) na mbili kwa ajili ya mjomba wa pombe, na nikiangalia nyuma naona tulikosea swali toka mwanzo. Tulihangaika kujua wapi ni kuzuri, wakati tulitakiwa kwanza kujua anatumia nini, mwili wake unafanyaje akikosa kwa nusu siku, na siku akitoka huko anarudi kwa nani.

Kwahiyo kabla ya kulinganisha chochote, vipimo vyangu ni hivi. Cha kwanza usalama wa zile siku za mwanzo za kuacha, kwa sababu kuna vitu ukiviacha ghafla vinaua. Cha pili hamu, yaani hiyo sehemu inafanya nini na ile kiu inayobaki baada ya mwili kutulia. Cha tatu maisha, kazi na watoto vinaendeleaje wakati anatibiwa. Cha nne, na hiki ndo watu wanakisahau, siku anatoka au siku anateleza kuna mpango gani. Pesa sikuiweka kama kipimo cha peke yake maana inatofautiana mno, lakini fahamu tu kwamba pa gharama kubwa sio lazima pawe pa matibabu bora, nimeona kuta nzuri sana zisizo na nesi ndani.

Na tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana ukikosea hapa utachagua kwa hasira. Uraibu haumpati mtu kwa sababu ni mbishi au hamuogopi Mungu. Watafiti wanakadiria karibu nusu ya uwezekano wa mtu kunasa, asilimia 40 mpaka 60, inatoka kwenye damu ya ukoo, halafu inayobaki ni umri alioanza (ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, ndo maana anayeanza na miaka 14 ananasa haraka kuliko anayeanza na 30), maumivu ya utotoni, sonona, marafiki, na wakati mwingine dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari kabisa. Ubongo ukizoea kuletewa raha kutoka nje unapunguza ya kwake, glasi mbili zinakuwa nne, kete moja inakuwa tatu, na mwisho hatumii ili alewe, anatumia ili asiumwe. Hapo ndo unaona ini, moyo, virusi vya Ukimwi na homa ya ini C kwa wanaochangia sindano, na vitu vya nyumbani kupotea kimoja kimoja kuanzia na vile vidogo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vya pombe peke yake kwa mwaka 2019, na pombe ni ile inayouzwa mchana kweupe.

Haya sasa tuanze.

HOSPITALI, KULAZWA KWA AJILI YA DETOKSI (KUTOA KILEVI MWILINI)

Usalama: hapa ndo mahali pake, na hasa kwa pombe na zile dawa za usingizi za jamii ya Valium. Watu wengi wanaogopa arosto (yale mateso ya mwili ukikosa) ya unga kwa sababu inatisha kuiangalia, kumbe ya pombe ndo ya kuogopa zaidi. Mjomba wangu alikuwa kila asubuhi anashika kikombe kwa mikono miwili, na hata hivyo maji yanamwagikia kwenye shati, mpaka apate cha kwanza cha kutuliza ndo mkono unanyooka, sisi tukawa tunacheka eti mzee kazeeka. Siku moja akasema naacha, kwa hasira tu, tukampigia makofi. Siku ya tatu alikuwa anaokota wadudu ukutani ambao sisi hatuwaoni, anatokwa jasho, anaongea na mtu aliyekufa zamani, na tukaamini ni mambo mengine kabisa, tukapoteza karibu siku nzima kabla mtu mmoja hajasema jamani twende hospitali. Dalili za pombe huanza kama masaa 6 mpaka 24 baada ya tone la mwisho, degedege mara nyingi linakuja ndani ya siku mbili za kwanza, na huko kuweweseka ni kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitali wanampa dawa za kutuliza mfumo wa fahamu kwa kipimo kinachopungua taratibu na vitamini B1, kwa sababu mlevi wa muda mrefu akiikosa hiyo ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja.

Hamu: hapa hospitali haina kitu kikubwa cha kukupa. Detoksi inasafisha mwili kwa siku tano, saba, kumi, basi. Kumrudisha mtu nyumbani baada ya detoksi bila mpango ni kama kumtoa mtu kwenye maji ukamwacha ukingoni panapoteleza.

Maisha: wiki moja ya ruhusa kazini, watu wengi wanaimudu.

Akitoka: huu ndo udhaifu mkubwa, na kwa mtu wa unga ni hatari ya kifo. Mwili wake baada ya wiki chache za usafi haujazoea tena, akirudi akachukua kipimo kilekile cha zamani pumzi inasimama. Hatari ya kufa kwa kuzidisha inapanda sana kwa waliotoka tu detoksi, rehabu au jela.

Anafaa: anayekunywa kila siku na anatetemeka asubuhi, aliyewahi kupata degedege, anayechanganya pombe na vidonge, mzee, mwenye ugonjwa mwingine wa mwili. Ila kama hatua ya kwanza tu.

SOBA HAUSI AU REHABU YA KUKAA NDANI

Hii ndo familia nyingi zinaifikiria kwanza, na nitakuwa mkweli, mara nyingi ni kwa sababu sisi ndo tumechoka, tunataka alale mahali pengine tupumzike. Sio dhambi kuchoka. Ila tusijidanganye kwamba tunachagua kwa ajili yake.

Usalama inategemea kama kuna mtu wa afya kweli. Mdogo wangu aliingia moja ambayo arosto walikuwa wanaitibu kwa maji ya baridi na maneno makali. Nilimkuta siku ya pili kajifunika blanketi, jasho linamtoka na vipele vya baridi kwa wakati mmoja, anapiga miayo, makamasi yanachuruzika, miguu inarusha mateke yenyewe, ananiambia funga dirisha, nikifunga ananiambia fungua. Arosto ya unga huanza kati ya masaa 8 na 24, inafika kileleni siku ya pili au ya tatu, halafu inashuka ndani ya wiki hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra iue, lakini kutapika na kuharisha vinakausha mwili, na hakuna sababu yoyote ya kumwacha mtu apitie yote hayo kavu wakati dawa zipo. Kuteseka hakumfanyi aache vizuri zaidi, hii imani sijui ilitoka wapi.

Kwenye hamu rehabu nzuri inafanya kazi, na sitaki kuinyima haki yake. Inamtoa kwenye mtaa ambako kila kona ina kumbukumbu, inampa ratiba, anaamka saa fulani, anafagia, anakaa kwenye mazungumzo ya kundi, anaona mtu aliyekuwa hoi kuliko yeye leo ni mshauri. Muda ni muhimu, chini ya siku 90 kwa wengi haitoshi, kwahiyo ile ya wiki tatu unanunua mapumziko zaidi kuliko matibabu. Maisha yanasimama, hilo lazima ulikubali, kazi inaweza ikaenda na mama mwenye watoto wadogo anajiuliza nani atabaki nao, na ndo maana wanawake wengi hawaingii kabisa.

Siku ya kutoka: ulizia kabla hajaingia. Na kuna swali moja ninaloliuliza kila mahali halafu nakaa kimya naangalia uso wa anayejibu: akileta fujo mnamfanyaje? Akisema tunamfunga, au akicheka akasema wenyewe tunajua namna, chukua mtu wako muondoke. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwashikilia watu kwa lazima vifungwe, sio kwa huruma tu, na pia kwa sababu hakuna ushahidi kwamba vinatibu. Uliza pia nani anatoa dawa usiku, kama tutaruhusiwa kumuona, kama akitaka kuondoka anaondoka, na kama wanamkubali mtu aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Hilo la mwisho linaondoa nyingi kwenye orodha yako.

Anafaa nani? Ambaye nyumbani kwake wanatumia au wanauza, ambaye hana pa kulala, ambaye amejaribu kliniki ya kwenda na kurudi mara kadhaa akashindwa, au amechanganyikiwa sana na vichangamshi (kokeini, methi) hadi hawezi kufika miadi. Na lazima awe amekubali mwenyewe, hata kama kwa shingo upande.

KLINIKI YA KWENDA NA KURUDI, DAWA NA USHAURI NASAHA

Hapa nitakaa zaidi maana hapa ndo kuna maneno mengi mtaani, na mengi sio kweli.

Kwa unga na ndugu zake (morfini, vidonge vya maumivu vikali), dawa ni methadoni au buprenofini. Methadoni ilianza kutumika kutibu waraibu New York miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu. Usalama wake siku za mwanzo ni mzuri kwa sababu haachi ghafla, arosto inazimwa na dozi. Utamuona kwenye foleni asubuhi, anafika dirishani, nesi anampa kikombe kidogo, anakunywa palepale, halafu wanamwambia ongea, atamke neno moja kuhakikisha amemeza. Kitu hicho kinachokaa sekunde ishirini ndo kimemrudisha mdogo wangu kazini. Buprenofini inawekwa chini ya ulimi, ni ngumu zaidi kujizidishia nayo, ila lazima aianze akiwa tayari ameanza kusikia arosto, akiwahi inamletea arosto kali ya ghafla, watu wengi wanaikataa kwa sababu hawakuambiwa hilo.

"Si anabadilisha ulevi tu?" Hapana. Unga unapanda na kushuka ndani ya masaa machache, mara nne kwa siku anatafuta pesa na sindano. Methadoni inakaa zaidi ya siku nzima, kipimo kikiwa sawa halewi wala haumwi, na wanaobaki kwenye dawa hizi wanakufa kwa kiwango kinachokaribia nusu ya wale wasio nazo. Mgonjwa wa sukari anayechoma insulini hatumwambii amebadilisha ulevi. Ubaya upo, usifikiri nautetea tu: foleni ya kila siku inachosha na inamfunga mtu hawezi kusafiri hovyo, akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi ni hatari ya pumzi, na akikosa siku tatu mfululizo asirudi kwenye dozi ya zamani mpaka wamuone upya. Akipewa ya kubeba nyumbani ikae mbali na watoto, dozi ya mtu mzima mmoja inaua mtoto.

Kwa pombe kuna dawa tatu ambazo watu hawazijui kabisa. Naltreksoni inapunguza ile raha na hamu, na anaweza kuianza hata kabla hajaacha kabisa (ila asiwe na unga au methadoni mwilini, itamrusha kwenye arosto). Akamprosati inamsaidia aliyekwisha acha abaki ameacha, inataka figo ziwe nzima. Disulfiramu ndo ile akinywa juu yake uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, na jamani, naomba hili lisikike, usimtilie mtu kwenye chakula kwa siri. Inaweza kumuua, na akigundua hatakula tena kwenye mkono wako wala kumuamini daktari yeyote.

Kwa kokeini, methi na bangi dawa yenye uhakika bado hamna. Huko kazi yote ni ushauri nasaha, kumfundisha kutambua vichocheo vyake (mshahara, ugomvi, rafiki fulani, saa fulani), na kuna mbinu ya kumpa kizawadi kidogo kila akipimwa mkojo akawa safi, inaonekana ya kitoto lakini kwa vichangamshi ndo yenye ushahidi mzuri kuliko zingine.

Maisha yanaendelea, hii ndo nguvu yake kubwa. Akiteleza hafukuzwi kwenye kliniki inayojielewa, wanaangalia dozi na mazungumzo upya. Anafaa mwenye kwao penye utulivu kidogo, mwenye kazi au watoto, na karibu kila mtu wa unga. Hafai yule ambaye kutoka mlango wa kliniki mpaka nyumbani anapita vijiwe vitatu na hana wa kumsindikiza, huyo aanzie ndani.

VIKUNDI VYA WALIOACHA

Mfupi hapa. AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walioacha pombe) ilianza 1935 Akron, Ohio, Marekani, na watu wawili, Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith, NA (Narcotics Anonymous) ya dawa za kulevya ikafuata 1953 California. Hakuna kiingilio, sharti ni kutaka kuacha tu. Usalama wa siku za mwanzo sio kazi yao, hawana nesi, kwahiyo anayetetemeka asianzie huku. Ila kwenye kipimo cha nne wanawashinda wote, kwa sababu hospitali inafunga faili, rehabu ina siku ya kutoka, kikundi hakina siku ya kutoka, na ukiteleza Jumanne Jumatano unakaa kiti kilekile. Mjomba alikataa mara ya kwanza, alisema hawezi kujianika mbele ya watu, mara ya pili akakaa nyuma karibu na mlango na kofia mkononi, hakusema neno saa nzima. Mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba) ya mwaka 2020 yaliona kwa pombe njia hii ikisimamiwa vizuri inalingana au inazipita tiba zingine kwenye kumfanya mtu asinywe kabisa. Kasoro, vingine vina lugha ya kiroho isiyomkaa kila mtu, na kuna vikundi vinamuangalia mtu wa methadoni kama hajaacha, akikutana na hicho atafute kingine.

SASA WEWE UKO WAPI KATI YA HAYA

Anakunywa kila siku na asubuhi anatetemeka: hospitali kwanza, hata kama mlishalipia rehabu. Halafu kliniki kwa ajili ya dawa, halafu kikundi. Anakunywa sana wikiendi tu na hatetemeki: kliniki na kikundi vinatosha kuanza.

Ni unga: kama kuna kliniki ya methadoni au buprenofini anayoweza kuifikia, anzia hapo. Kama haipo na mnaenda rehabu, jiandaeni kwa siku ya kutoka mara mbili zaidi ya siku ya kuingia, na mkiweza kupata naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani au kuchoma inayorudisha pumzi aliyezidisha, ikae nyumbani na kila mtu ajue ilipo.

Mjamzito wa unga: asiache ghafla nyumbani, arosto inaiweka mimba kwenye hatari. Methadoni au buprenofini chini ya daktari, na kliniki ya wajawazito ijue.

Ni vichangamshi, halali siku tatu na anaona watu wanamfuata: hospitali mpaka atulie, halafu ndani au kliniki kulingana na nyumbani kulivyo.

Kijana wa bangi anayekaa na wazazi: ushauri nasaha na familia nzima kwenye chumba kimoja, sio kumtupa katikati ya watu wazima waliokubuhu.

Ameshapitia mojawapo akarudi: sio kwamba haikufanya kazi. Wanaorudi ni kati ya asilimia 40 na 60, karibu sawa na wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti yao hali ikarudi. Angalieni alirudi siku ya ngapi na alikuwa na nani, halafu ongezeni kile kilichokosekana badala ya kurudia kilekile na kelele zaidi.

Na kama hataki kabisa, nenda wewe. Kuna vikundi vya ndugu, Al-Anon ipo toka 1951, na kliniki nyingi zinakubali kuongea na familia bila mgonjwa. Wakati huo tafuta namba ya kliniki, jua wanafungua saa ngapi, jua inatakiwa karatasi gani, weka nauli pembeni. Mdogo wangu aliniambia nipeleke saa kumi usiku, baada ya miaka ya kukataa, na ilipofika saa nne asubuhi tukiwa bado tunauliza watu wapi pa kwenda alishabadilisha mawazo. Mara ya pili ilichukua miezi saba, lakini namba ilikuwa kwenye simu.